Ukingo wa Nyuma

Hakuwa na nyumba, hakuwa na cheti, hakuwa na mashine yake mwenyewe, na kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto kiliishia kwenye kiungo cha pili. Hakuwa na mtoto pia, jambo ambalo baba mkwe wake hakuliacha lipoe. Alichokuwa nacho ni mke, mwandiko safi alioupata kwenye masomo ya jioni, na jina la utani: Msasa, kwa kuwa hakuna ubao uliotoka mikononi mwake ukamchoma mtu.

Kwa miaka sita aliunda makasha ya spika katika karakana ya mkwewe, akalala na mkewe chumba cha uani, ukuta mmoja na stoo ya mbao. Ndipo mwenye ukumbi mmoja wa muziki alipoleta habari. Alitaka fundi wa kudumu, na fundi huyo angepewa nyumba. Msasa atengeneze makasha mawili ya majaribio, na mkuu wake wa kazi, yaani mkwewe, aambatishe barua.

"Mkihama, nani atanisomea karatasi zangu?" aliuliza mzee, ambaye hakujua hata herufi moja. Akacheka kicheko cha meno tu.

Msasa aliikata plaiwudi, akaiunga, kisha akakagua kingo. Kila tundu lililojificha kati ya matabaka alilijaza gundi na unga wa mbao, maana kigurudumu cha rauta, mashine ya kuzungushia kingo ziwe mviringo, kikitumbukia humo, kisu kinang'ata ubao. Gundi ilipokauka akaiwasha hiyo rauta, iliyolia kama nyigu ndani ya kopo, akaisukuma taratibu kinyume cha mzunguko wa kisu. Kingo za mbele zikatoka mviringo, laini, bila alama ya kuungua.

"Bado za nyuma," mzee alisema.

"Baba, nyuma kinakaa kifuniko. Tukizizungusha kitakosa pa kulala, upepo utavuja."

"Umesoma jioni ngapi hata unifundishe kasha? Zungusha."

Anayelala chumba cha mkwe habishani na mkwe. Msasa akazungusha.

Kesho yake asubuhi dereva wa ukumbi akaja kuchukua mzigo. Mzee alitia spika ndani, akafunga vifuniko kwa mkono wake, akapiga muziki mzito, akawasha kiberiti akakisogeza kwenye maungio ya nyuma. Pigo la kwanza tu, moto ukazimika.

"Njoo uone, dereva. Kasha linajamba."

Dereva alicheka mpaka akashika mlango.

"Nipe nusu siku, baba, nibandike vipande," Msasa alisema.

"Gari lishafika. Leta kalamu."

Binti wa mzee, mke wa Msasa, alikuwa akifagia vumbi la mbao pale pale. Hakutoka. Mzee akatamka, Msasa akaandika.

"Nimekaa na fundi huyu miaka sita. Ana adabu. Lakini hajui ukingo upi unazungushwa na upi unaachwa. Msimchukue." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Andika vizuri, si ndiyo sifa yako?"

Kalamu ikasimama. Mzee asingetambua hata kama angeandikiwa matusi. Lakini Msasa alijua barua itasomwa papo hapo, tena na nani. Akaandika yote kama yalivyotamkwa, kwa mwandiko ule ule safi.

"Mama, nisomee," mzee alimwambia bintiye. "Nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia."

Mke akaegemeza ufagio, akasoma neno kwa neno.

"Haya, funga."

Mke akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba. Mzee alipogeuka kumwita dereva, akamnong'oneza mumewe: "Kwa nini umeandika haya?"

"Si ungemsomea nilichoandika?"

"Ningemsomea ya kwake, hata kama ungeandika ya kwako. Unadhani nilikuwa nafagia nini hapa muda wote huo?"

Msasa akaunyoosha mkono kuidaka bahasha. Ulikuwa ule wa kushoto, na ule upungufu wa kidole ulitosha kumfanya aikose. Mzee alishaipokea, akampa dereva, naye akaitupa juu ya dashibodi. Gari likaondoka na makasha mawili yenye kingo laini kuliko zote alizowahi kutengeneza.