Boti Lililolambwa na Ng'ombe

Kila Jumamosi asubuhi, boti la zahanati lilipokokotwa nchi kavu, mzee Gidabuday alilizunguka kwanza kimya kimya, kama anayekagua mtamba aliyelala. Lilikuwa boti la sakafu bapa, limekaa juu ya maboya mawili marefu ya alumini, na wiki nzima lilivusha wajawazito na watoto wa chanjo kwenye ziwa Basotu. Kazi yake ilikuwa kulitunza kwa nje: kusugua ukijani ulioota chini ya maboya, kubandua konokono, kusuuza, kukausha kwa kitambaa. Ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, mkono wake ulikwenda wenyewe na akili ikaenda malishoni. Kuna nyakati angeapa kwamba boti linapumua.

Ndoto hizo zilikuwa tamu, lakini uchungu ulikuwa pale pale jirani, nyuma ya mawe, mahali mwanawe Bura aliponyweshea ng'ombe. Magoti ya mzee yalipogoma kufuata mifugo akachukua kazi ya boti, na Bura akasema mbele za watu mnadani, "Baba yangu, mtu wa ng'ombe, leo ni hausiboi wa boti." Mzee naye akamjibu maneno ambayo baba hamwambii mwana. Tangu siku hiyo Bura alipita na ng'ombe bila shikamoo. Na kunyimwa shikamoo na mwanao ni kuzikwa huku unaona. Mzee alijifanya hajali. Alijali, tena sana. Alisugua boti lile huku sikio lake liko kwenye mawe.

Jumamosi hiyo sabuni aliyoachiwa na nesi Restituta ilikuwa imekwisha. Nesi alimkataza mchanga na stiliwaya, maana vinakwaruza alumini. Magadi hakuyataja, mtu wa Bukoba angeyawazia wapi? Lakini mzee, kama mfugaji yeyote wa Basotu, hakukosa mfuko wa magadi ya ziwa Balangida nyumbani. Kitu kinacholainisha maharage makavu kitashindwaje na ukijani? Akakoroga ndoo nzito, akalipaka boti zima, akaketi kusubiri yakolee. Jua likampa usingizi.

Aliota ni kijana, ng'ombe wanamlamba viganja. Alipofumbua macho, ng'ombe hawakuondoka. Walikuwa wamelizingira boti, ndimi zao zikikwangua maboya taratibu, na sauti ya kulamba ilikuwa kama mvua inayokuja kwa mbali. Alumini ilikuwa imefubaa kwa magadi, nyeusinyeusi kama sufuria la msibani. Mzee akajua ameharibu. Kisha akawatazama vizuri wale ng'ombe, akawatambua mmoja mmoja. Walikuwa wa kwake.

Bura alifika akihema, akapiga mluzi. Hakuna aliyegeuka. Akainua fimbo, halafu akaishusha, kwa sababu ng'ombe anayelamba magadi hafukuzwi mpaka atosheke mwenyewe. Hilo alifundishwa na baba yake akiwa bado anachunga ndama. Basi ikambidi asimame pale pale, karibu na baba ambaye yeye hakutaka kumwona, na ng'ombe hawakuwa na haraka yoyote.

Wakasimama. Mzee aliogopa hata kukohoa.

"Yule wa baka amekonda," akasema mwishowe, macho yake kwa ng'ombe.

"Amezaa," Bura akajibu, naye macho kwa ng'ombe.

"Dume?"

"Jike."

Ukungu ulikuwa umeshainuka, na mlima Hanang ukaonekana ndani ya maji, kichwa chini. Bura akahamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda ule.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Sauti ilitoka imepinda, na mzee hakujisumbua kuinyoosha.

Bura akapitisha kidole kwenye boya. "Nesi atakugombeza."

"Ana haki. Nitamwambia mwenyewe. Kuanzia Jumamosi ijayo ni sabuni tu."

Bura akajifuta kidole. Ng'ombe wa mwisho alikuwa anainua kichwa, na wenzake wameshaanza kuelekea malishoni.

"Kama ni sabuni, hawa hawatakuja tena," akasema.

"Magadi nitawawekea pale, kwenye jiwe."

Bura akaweka fimbo begani, akawafuata ng'ombe wake. Alipofika kwenye mawe akageuka.

"Weka mengi," akasema.