Hewa Iliyozidi Mia

Kuna watu ambao Mungu aliwanyima aibu akawafidia kwa tai ya shingoni. Msimamizi wa dada yangu chuoni ni mmoja wao. Wanafunzi wamembandika jina la Sina-Kosa, naye anadhani ni sifa.

Kwa miaka miwili dada alichunguza jinsi mawimbi ya redio yanavyopenya bamba la shaba lenye maelfu ya matundu. Kompyuta haiwezi kubeba matundu yote hayo. Kwa hiyo unachora kisanduku chenye tundu moja, kisha unaiambia: wimbi likitokea ukuta wa kulia, liingize tena kushoto, kana kwamba kisanduku hiki kina majirani wasio na mwisho, wote wamefanana nacho. Ni uongo mtakatifu, na unafanya kazi. Ila wimbi likija limeinama, humfikia jirani likiwa limechelewa kidogo, na lazima kompyuta iambiwe limechelewa kiasi gani.

Sina-Kosa aliifuta sehemu hiyo. "Mapambo tu haya," alisema. Basi wimbi lililoinama likaingia na nguvu mia, likatoka na mia na arobaini. Mwenye akili angekuna kichwa. Yeye akatangaza uvumbuzi.

"Grafu yangu iwemo kwenye tasnifu," alimwambia dada, "la sivyo fomu yako siitii saini. Utaanza upya na mtu mwingine."

Ndiyo maana siku ya utetezi dada alisimama mbele ya watahini watatu na uso wa mtu aliyemeza wembe. Mimi na Mama tuliketi nyuma, maana familia iliruhusiwa, nadhani ili tushuhudie mazishi.

Grafu ilipotokea ukutani, Sina-Kosa aliinuka bila kuombwa. "Waheshimiwa, mbele yenu ni bamba linalozaa nguvu!"

"Kama sungura," nilimnong'oneza Mama.

"Nyamaza wewe, utatutia aibu."

"Aibu ile pale mbele, Mama, imevaa tai."

Mtahini mkuu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alimgeukia dada. "Binti, na wewe unaamini hivyo?"

Dada aliitazama fomu iliyokuwa mezani, bado tupu. "Hapana, mama."

"Tuonyeshe basi."

Kwenye kompyuta, dada alilifuta bamba lote, shaba na matundu yake. Kikabaki kisanduku cha hewa tupu, chenye kuta zilezile za Sina-Kosa. Akakiendesha. Dakika mbili nzima tulisikiliza feni ya kompyuta. Nguvu iliyotoka: mia na thelathini na nane.

"Hewa tupu, Daktari," alisema mtahini polepole. "Nayo inazaa?"

"Huenda," alijibu Sina-Kosa, na naapa siongezi chumvi, "hewa hiyo haikuwa safi."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama.

Dada akaziambia kuta wimbi linachelewa kiasi gani. Hewa ikatoa mia kwa mia, kwa adabu. Akalirudisha bamba: sitini na moja. Namba ya kawaida kabisa, isiyompa mtu umaarufu wowote.

Mtahini alimsogezea msimamizi fomu na kalamu juu yake. "Tia saini, Daktari. Au niandike kwenye ripoti habari za hewa yako?"

Alitia saini, akikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka. Kisha akamnyooshea dada mkono wa pongezi, na dada, aliyelelewa vizuri kuliko mimi, akaupokea.