Kopo la Udongo la Moeketsi

Shangazi Mamosa hakuficha dharau yake. Kila Alhamisi Moeketsi, mtoto wa kaka yake, mwanamume mwenye ndevu, alijifunga blanketi akaenda zahanati kwa binti mmoja mshauri. Siku moja Shangazi alimfuata akachungulia dirishani. Binti alikuwa akimwaga udongo kutoka kwenye kopo la maziwa kwenda kwenye beseni la bati, polepole, naye Moeketsi amefumba macho, jasho likimtiririka.

"Wanacheza kupikapika kama watoto," aliwaambia ndugu. "Na hiyo ndiyo dawa."

Miaka miwili nyuma mwamba ulimwangukia Moeketsi mgodini, akalala siku mbili chini ya kifusi karibu na maiti ya mwenzake. Tangu arudi nyumbani Mafeteng hafungi mlango, hata theluji ikianguka. Gunia la mahindi likitupwa chini, yeye yuko uvunguni.

Kisha baba yake akafa. Udongo wa kwanza kaburini ni wa mwana wa kwanza.

"Amwage mdogo wake, Tefo," alisema Baba Mdogo Ramahlape. "Huyu atatuaibisha. Mchimba madini anayeogopa vumbi."

"Nitamwaga mwenyewe, Baba Mdogo," akajibu Moeketsi.

"Kwa kijiko?" akadakia Shangazi. Watu wakacheka.

Jumamosi, Moeketsi alishika beleshi, akamwaga. Udongo uligonga jeneza, du. Akapiga goti ukingoni, kifua kinapanda na kushuka.

"Si niliwaambia. Lete hapa," Ramahlape akasema, akanyoosha mkono kulivuta beleshi.

Wanawake wakaguna. Beleshi la kaburini halipokezanwi mkononi. Hulazwa chini, anayefuata akaliokota. Kulipokea mkononi ni kuita msiba mwingine, na hilo hata mtoto wa kuchunga mbuzi analijua. Shangazi alimtazama huyo ndugu yake kuanzia kofia hadi viatu alivyoazima.

Moeketsi hakuliachia. Alikuwa akinong'ona, "Leo Jumamosi. Niko Mafeteng. Juu yangu kuna mbingu." Akarudia mara tatu, kama binti alivyomfundisha. Akasimama, akamwaga la pili, akamwaga la tatu, machozi yakimtoka. Kisha akalilaza beleshi chini, taratibu, mpini kwa Ramahlape.

"Okota basi, mwanamume," Shangazi akasema.

Usiseme alipona. Alhamisi iliyofuata mlango wake ulikuwa wazi vilevile, na kuku wawili wamelala ndani. Shangazi akaingia bila hodi, akachukua lile kopo, ambalo binti alimpa afanyie mazoezi nyumbani, akaenda nalo nyuma ya zizi. Aliporudi lilikuwa limejaa udongo mwekundu wenye kokoto.

"Kama ni kuzoea mlio, huu ndio unalia," alisema. "Ule wa binti yako umechekechwa kama unga wa uji. Mtoto wa watu anakudekeza tu. Vaa blanketi twende, nimwambie mwenyewe."