Pasi ya Wifi

Jumanne, siku ya kliniki, muuguzi alikuwa akipanga sindano kwenye trei wakati marehemu wifi yake alipoingia na pasi ya mkaa, akampiga nayo mdomoni. Jino likadondokea kwenye beseni. Wagonjwa wa kwenye benchi wakainua miguu damu isiwafikie, na babu mmoja wa presha akauliza kama foleni iko palepale.

Marehemu alikuwa fundi cherehani, mkali tangu uhai wake, na kifo hakikumpunguzia kitu. Kila Jumanne alikuja na swali lilelile.

"Wifi, dawa ya mwanangu iko wapi?"

Lilikuwa swali la haki, nalo lilimuuma muuguzi kuliko pasi. Utafiti wa dawa ya saratani ya titi ulipoanza, hospitali kuu ilikuwa na madaktari. Watu wa kujaribiwa dawa walikuwa wa zahanati. Muuguzi ndiye aliyewaita, akianza na wifi yake, akawaahidi kwamba dawa ikifaa itabaki. Hakudanganya. Pale zahanati, kilichomo kwenye friji ni cha wagonjwa, ndivyo walivyozoea. Hakujua, maskini, kwamba hata friji ilikuwa ya utafiti. Dawa ikafaa, uvimbe wa fundi ukasinyaa. Utafiti ukaisha, gari likaja, likabeba dawa na friji yake. Uvimbe ukarudi na hasira zake, ukammaliza. Sasa binti yake naye alikuwa na wake, na dawa ile ilikuwa ya wenye nazo.

Jumanne hiyo daktari mtafiti naye alikuja, akitafuta watu wa utafiti mpya. Marehemu akamvunja mkono, kisha mbavu. Daktari akaomba radhi kwa kuchelewa, akaendelea kueleza akiwa amelala sakafuni.

"Ile ya kwanza je?" muuguzi aliuliza, akitema damu, akimwonyesha binti wa marehemu pale kwenye benchi. "Huyu ni mtoto wa kaka yangu."

"Ile iko hospitali kuu. Huyu ataingia kwenye hii mpya."

"Inafaa?"

"Hatujui. Ndiyo maana tumekuja kwenu."

Binti akakaa kitini, akakunja mkono wa gauni. Marehemu alikuwa amesimama mbele ya dirisha, pasi juu.

"Mama, sogea kidogo," binti alisema. "Unamzibia shangazi mwanga."

Marehemu akasogea, akampiga wifi yake begani. Mfupa ukalia. Muuguzi akahamishia sindano ya dawa mpya mkono wa pili, akautafuta mshipa.

"Samahani, mwanangu," alisema, akamchoma.