Salamu za Baba

Benadetha alikuwa akimpaka Bi Cheryl mafuta miguuni alipoisikia sauti yake mwenyewe ikitoka redioni.

"Baba yako anakusalimu sana," sauti ilisema kwa Kiswahili, na nyuma yake sufuria ikasikika ikitokota. "Anasema usome kwa bidii, na usisahau kuvaa sweta."

Bi Cheryl, kikongwe wa mji wa Laurel, nje ya Washington, ambaye Benadetha alimhudumia kila Jumamosi, hakuelewa neno, lakini aliijua sauti na akapiga makofi. Benadetha akacheka kwa haya. Siku maneno hayo yaliponaswa jikoni, alidhani mtoto anarekodi wali ukitokota.

Mtoto mwenyewe ni Bupe, binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na mitano. Mwaka ule wa 2006, majani yalipoanza kupukutika, alijiunga na mradi wa redio ya vijana katika mtaa wa Shaw, Washington, ambako walifundishwa kushika kinasa sauti na kusimulia mambo yao wenyewe. Benadetha ndiye aliyemsukuma aende. Bupe alikuwa amekuwa mzito wa kusema. Ukimsemesha Kiswahili anakupa neno moja la Kiingereza, kisha anarudi kwenye vitabu vyake. Sasa kipindi chake kilikuwa hewani, na alikuwa amemwomba mama yake jambo moja tu, asikilize mpaka mwisho.

Redioni, Bupe aliwatafsiria wasikilizaji maneno yale kwa Kiingereza, hata sweta hakuiacha.

"Baba yangu alifariki mwezi wa Machi," akasema. "Mama hajui kwamba ninajua."

Mikono ya Benadetha haikuacha kupaka mafuta. Ilipaka mguu uleule, tena na tena, mpaka Bi Cheryl akaishika.

Ukweli ni kwamba Lusekelo, mumewe, alibaki Tukuyu mkewe na bintiye walipokuja Marekani. Angewafuata karatasi zake zikikamilika. Kabla hazijakamilika akashikwa na saratani ya koo, na sauti ndiyo iliyotangulia kuondoka. Kila Jumapili Benadetha alikwangua kadi ya simu, akaongea na wifi yake, naye wifi akamweleza Lusekelo kaandika nini, kaashiria nini. Benadetha akazifikisha salamu kwa Bupe, akiziongezea chumvi kidogo, kwa sababu salamu za mgonjwa ni fupi na mtoto ana hamu na baba yake.

Lusekelo alipofariki, Bupe alikuwa katikati ya mitihani. Benadetha akaapa atamwambia ikiisha. Ikaisha, ikaja siku ya kuzaliwa, ikaja likizo, na kesho ikazaa kesho. Jumapili zikaendelea kufika, na salamu nazo zikaendelea kutoka.

Matanga yaliwekwa kwa rafiki yake Edna, kule College Park, ili nyumbani pasije kujaa watu. Benadetha aliuendea msiba wa mumewe akimuaga mtoto kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya. Mipango yote aliifanya kwa simu, kwa Kiswahili, Bupe akiwa palepale mezani na hesabu zake. Edna alimuuliza kama mtoto hasikii.

"Hawa wetu?" Benadetha alimjibu. "Kiswahili kwao ni mvua ya nje, dada. Wanaisikia, hawalowi."

Redioni, Bupe aliyarudia maneno hayo kama yalivyosemwa, akaongeza, "Nililowa."

Alisimulia kwamba kila Jumapili alirudisha salamu, kwa kuwa uso wa mama yake ulichangamka akizileta. Aliogopa kwamba akisema, baba atakufa tena, safari hii mikononi mwa mama. Mwalimu wao alikuwa amewaambia waanze na jambo wanalolijua wao peke yao, naye hakuwa na jingine. Hakulia. Sauti yake ilitulia mpaka ikatisha.

"Kwetu mtu akifiwa huambiwa pole," alimalizia, akilitaja neno hilo kwa Kiswahili. "Mimi sijaambiwa na mtu."

Bi Cheryl aliizima redio. Naye alikuwa mjane. Alimwambia Benadetha anawe mikono aende nyumbani, na Benadetha aliposema kwamba muda wa kazi haujaisha, kikongwe akamtuliza. "Nenda kwa mtoto. Mimi sifi leo."

Ndani ya basi hasira ndiyo iliyotangulia. Mtama umemwagwa penye kuku wengi: wanakwaya wote watakuwa wamesikia, na Jumapili watu wataacha sala wamtazame yeye. Alijipangia maneno makali ya kumwambia binti yake. Alipofika kwenye neno "aibu" akamkumbuka Bupe mezani, kichwa chini, akisema kwa Kiingereza "Okay, Mom, mwambie nampenda" kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Miezi yote hiyo Benadetha alidhani anamfariji mtoto, kumbe mtoto ndiye aliyekuwa akimfariji yeye. Yale maneno makali yakamwisha, akalia mbele za abiria bila kujificha.

Alipofungua mlango alikuta kochi limesukumwa hadi ukutani. Meza ya kahawa ilikuwa imepelekwa chumbani, na juu ya zulia lilitandikwa blanketi. Bupe aliketi pale chini, miguu ameikunja, amejifunga kanga ya mama yake. Yote hayo aliyaona kwenye misiba ya watu wengine, ambako hupelekwa akacheze na watoto wenzake.

Benadetha alivua viatu, akaketi mbele yake.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana na msiba."

"Asante," Bupe akajibu kwa Kiswahili. "Pole na wewe, Mama."

Walilia mpaka wakachoka. Bupe akajifuta machozi kwa pindo la kanga, na maneno yakamtoka moja moja, kama ya mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mama. Ile salamu ya mwisho. Ile ya kweli kweli. Ilikuwa gani?"

Benadetha alitafuta. Sweta haikuwa ya Lusekelo. Kusoma kwa bidii ni kwa baba yeyote. Ile ya kutoogopa theluji, je? Ile ya parachichi alilolipanda nyuma ya nyumba? Alishindwa kujua ni wapi mumewe aliacha kusema na yeye akaanza. Papo hapo salamu nyingine ikamjia mdomoni, nzuri, tayari, yenye maneno yaleyale ambayo Lusekelo angeyachagua. Akaimeza.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nimezichanganya na zangu."

Bupe akavuta begi lake, akatoa kinasa sauti, akakiweka juu ya blanketi kati yao na kukiwasha.

"Basi sema zote," akasema. "Tutamtafuta."

Benadetha akaanza na ile ya sweta. "Hiyo ni yangu," akasema, akavuta pumzi, akatafuta nyingine.