Kidude cha Kwenye Rafu

Loveday Trembath alikiweka kile kidude cheusi cha plastiki kwenye rafu ya sebuleni, kando ya redio, kama alivyoelekezwa. Kikae hapo, kisiguswe, kisha kirudishwe maabara kupimwa kama kuna radoni, ile gesi isiyo na rangi wala harufu ipandayo kutoka kwenye miamba ya Cornwall, Uingereza, na kujaa ndani ya nyumba za watu, ikiwaletea saratani ya mapafu.

Jumanne alikikuta dirishani, na dirisha limeachwa wazi kidogo, baridi yote ile. Hewa safi ya nje ingekifanya kionyeshe kiwango kidogo.

Akadhani ni usahaulifu wake, akakirudisha. Wiki iliyofuata kikawa dirishani tena. Mwenye ufunguo wake mwingine alikuwa mtu mmoja tu: Kerensa, mjane wa kaka yake Jago, aliyekaa nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta. Na dukani walishasema Kerensa anataka kuuza nyumba ahamie kwa bintiye Plymouth. Nyumba yenye sumu nani atainunua?

Kerensa alipokuja kunywa chai, Loveday alimchokoza. "Wifi, hiki kidude siku hizi kina miguu."

"Nyumba hizi kuukuu, wifi, hata vikombe vinatembea." Kerensa alicheka, lakini rafuni hakutazama.

Jumapili Loveday alijifanya anakwenda kanisani. Akafika kona, akageuka, akaingia kwa mlango wa nyuma. Kerensa alikuwa amesimama sebuleni, kidude mkononi.

"Hata aibu huna! Ili uuze nyumba, mimi nivute sumu?"

"Nani kakwambia nauza?"

"Kijiji kizima."

Kerensa aliketi bila kukaribishwa. "Jago hakuvuta sigara hata siku moja, Loveday. Mapafu yale yaliozeshwa na nini? Alitaka tulale madirisha wazi, nikamwambia ataniua kwa baridi. Niliziba kila upenyo kwa mikono hii. Ukuta wetu ni mmoja. Kidude kikisema kwako, kimesema na kwangu."

Hasira aliyokuja nayo Loveday ilipoa. Hata hivyo shaka haikumtoka yote. Machozi ya Kerensa aliyajua tangu ujana, yalikuwa mepesi.

"Niachie ufunguo," alisema.

Kerensa aliuweka mezani, akatoka.

Loveday aliomba kidude kipya, akaanza upya. Majibu yalipokuja, kiwango kilikuwa juu mno. Alimkuta Kerensa uani akianika mashuka, akamwambia vilevile, bila kupunguza neno. Mafundi wangekuja kuweka feni ya kuivuta hewa ya chini ya sakafu na kuitoa nje.

Kerensa alibana shuka kwa vibanio, kimoja, kingine, bila kugeuka.

"Wakimaliza kwako," alisema hatimaye, "waambie wapite kwangu."

"Si upime kwanza?"

"Sitaki kupima. Waambie wapite tu."

Loveday alimwangalia mgongo kwa muda. Kama alikuwa akilia au la, hakuweza kujua.