Maneno ya PRE Yako kwa Magreth

Kamusi ilikuwa moja, wanafunzi wawili, na aliyeshika kisu cha kuikata alikuwa Subira mwenyewe. Yeye akabaki na A mpaka L, jirani yake Magreth akachukua M mpaka Z, na mtaa mzima wa Rahaleo ukawacheka. Wacha wacheke. Kila jioni mmoja alipiga hodi kwa mwenzake kuuliza neno, na Kiingereza kikasonga. Kisha ikaja harusi ya Fikirini, kijana wa mtaa huohuo. Subira akashona sare na rafiki yake Happiness bila kumwambia Magreth, naye akaziona siku hiyohiyo ukumbini, na hodi zikakoma.

Sasa kesho Subira alikuwa na usaili wa kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni Mikindani. Aliitaka kazi ile kufa na kupona, maana alikwishachoka kukaanga kachori barazani kwa mkwewe. Mwalimu Anold wa darasa la jioni alikuwa amempa maneno ya kujiandaa nayo, na yote yalianza na PRE. Simu yake ilikuwa kitochi cha vibonye, kamusi haina hata ya dawa. Akajipa moyo kwamba maneno yanayoanza sawa ni ukoo mmoja, ukimjua mmoja umewajua wote. Moyo wenyewe haukukubali. Akajitanda kanga, akavuka ua.

"Hodi."

"Karibu." Magreth hakuinuka kwenye cherehani. Alisikiliza shida mpaka mwisho, akatoa kurasa zake, akavaa miwani bila haraka.

"Prepare. Kujiandaa. Kama mtu anavyojiandaa kwa harusi akamsahau jirani."

"Dada Magreth..."

"Usinikatize mdogo wangu, usaili ni kesho. Prevent, kuzuia. Prefer, kupenda hiki kuliko kile. Nikupe mfano, au unao?"

"Ninao," Subira alisema. "Kitambaa kilibaki cha watu wawili tu. Niliogopa kukwambia. Nisamehe, dada."

Magreth aligeuza ukurasa.

"Pretend. Kujifanya. Kama mimi nilivyojifanya naumwa kichwa wakati wa picha."

Subira alicheka na machozi yakamtoka, yote kwa pamoja. Alikuwa amemkumbuka mno mwanamke huyu na ulimi wake.

"Basi niazime hizo kurasa, nikasome nyumbani."

Magreth akaziweka kitini, akazikalia.

"Sikuazimi. Utasoma hapahapa. Nikikupa uondoke nazo, kesho utapiga hodi kwangu kwa lipi?"